Alama ya Maji Kwenye Kinu cha Janeffer

Jumatatu, 6 Machi 1995

Nimefika Mogogosiek saa nane mchana. Nina sanduku moja, godoro moja, na meza ya kuchorea iliyopanda juu ya lori la chai ikiwa imefunikwa shuka kama bibi harusi. Ofisi ni nyumba ya vyumba viwili nyuma ya maduka. Chumba cha mbele ni cha injinia, cha nyuma ni changu, na katikati kuna stovu ya mafuta ya taa ambayo sikujua ni ya nani.

Nimejua upesi. Injinia Robert Kimeli alinisalimu vizuri, akaangalia saa yake, akasema, "Sekretari, majani yako kwa kabati, maji kwa ndoo."

"Mimi si sekretari, Injinia. Mimi ndiye mchoraji wa ramani. Wilkista Oyoo. Barua yangu ilitangulia."

Akaitafuta barua, akaisoma mara mbili. "Niliona W. Oyoo," akasema. "Nikafikiri ni Wycliffe."

Mwishowe chai ikapikwa na Mzee Kipkosgei, msaidizi wa vipimo, mtu wa miaka hamsini na kitu, mwenye kofia ya sufu na kicheko kinachoanzia tumboni. Chai yake ni tamu kuliko yangu, kwa hiyo mjadala umekwisha.

Daftari hili naliandika kwa Kiswahili. Kiingereza nitakichora mchana kutwa, na nikiandika Kijaluo nitaanza kumlilia mama huko Kendu Bay.

Jumanne, 7 Machi

Jua. Nimechonga penseli kumi na mbili.

Jumatano, 8 Machi

Leo nimeuona mto. Si mkubwa. Hata mbuzi angeuvuka leo bila kulowa tumbo. Magari ya chai huvuka juu ya mawe yaliyopangwa, na mvua ikinyesha hayavuki. Majani mabichi yanakaa ng'ambo hadi yanaiva kwenye magunia na kiwanda kinayakataa. Ndiyo maana serikali inataka daraja, na ndiyo maana kampuni yetu, Ardley na Voss, iko hapa.

Jirani wa ofisi, mama mwenye duka la nguo, aliniuliza kama kampuni itaajiri vijana wa kuchimba. Nikamweleza kwamba sisi hatuchimbi. Tuna ofisi katika nchi ishirini na tisa, tumesanifu viwanja vya ndege na mahospitali, lakini kampuni nzima haina wilbaro hata moja. Sisi tunapima, tunapiga hesabu, tunachora. Kontrakta ndiye atakayekuja na simenti.

"Kwa hivyo mnauza karatasi," akasema.

"Tunauza fikira, mama, zikiwa kwenye karatasi."

Akanitazama kwa huruma, akanipunguzia bei ya sweta.

Ijumaa, 10 Machi

Vigingi vyetu vimeng'olewa. Kumi na moja! Mzee Kipkosgei alivikuta vimefungwa vizuri kwa kamba ya katani, vimewekwa kando ya njia kama kuni za kuuza. Injinia akafura kwa hasira. Tukashuka naye mpaka mtoni.

Aliyeving'oa hakukimbia. Alikuwa amesimama mlangoni mwa kinu chake cha maji, unga umemjaa kwenye nyusi. Anaitwa Janeffer. Kinu kilijengwa kwa mawe na baba yake, na hadi leo maji ya mto ndiyo yanazungusha jiwe la kusagia. Shamba lake la mahindi limeanzia ukutani.

"Chamgei," akatusalimu. "Ni nyinyi mlipanda miti yenu kwa mahindi yangu?"

"Mama, hivyo ni vigingi vya serikali," Injinia akasema.

"Serikali ilibisha mlango? Mimi nilikuwa ndani."

Injinia akaongea naye Kipsigis, sauti ya chini. Yeye akajibu Kiswahili, sauti ya juu, ili na mimi nisikie. "Kampuni yenu inauza nini?"

"Michoro," nikasema.

"Michoro tu? Basi mko na kazi nzuri. Mkikosea, karatasi haiumii."

Njiani Injinia alisema yule mama ni mkorofi. Nilikubaliana naye. Viatu vya Injinia vilikuwa bado vinang'aa, sijui anatembeaje.

Jumatatu, 13 Machi

Faksi imetoka makao makuu Uingereza kupitia ofisi ya kiwanda cha chai. Mwaka huu kampuni inatimiza miaka hamsini na wanaandika kitabu. Kila ofisi, hata ndogo kiasi gani, itume kurasa mbili: Ardley na Voss imefanya nini mahali penu? Imesainiwa na mama mmoja anayeitwa Hollis, mtunza kumbukumbu.

Injinia akaisukuma mezani kwangu kwa kidole kimoja. "Wewe unapenda kuandika. Nimekuona na daftari."

"Niandike nini? Tumekaa hapa wiki moja."

"Andika tumefika salama."

Alhamisi, 16 Machi

Kumbe kampuni ilishawahi kufika hapa! Mzee Kipkosgei ameniambia leo tukinywa chai, bila haraka, kana kwamba ni habari ya jana. Mwaka wa sitini na tatu, akiwa kijana, alimbebea vyombo Bwana Voss mwenyewe. Ndiyo, yule Voss wa jina la kampuni. Mrefu, masharubu mekundu, anaongea na mawe.

"Anaongea nayo vipi?"

"Anauliza jiwe, wewe ulitoka wapi? Halafu anaandika kwa kitabu, kama limemjibu."

Alilala siku sita ndani ya kinu cha baba yake Janeffer. Siku ya tatu alimwomba Kipkosgei amvushe mgongoni asilowe buti. Katikati ya mto Kipkosgei akakanyaga jiwe lenye utelezi. Wakaanguka wote. Kofia ya Bwana Voss ikaenda na mto, na yeye akatoka majini akiwa ameinua kitabu chake juu, kikavu kabisa, anacheka.

"Na daraja?"

"Hakuna. Alipima, akaenda. Nilingoja miaka mitano, nikaoa."

Historia yetu hapa ni hiyo: tulipima, tukaanguka, tukaenda. Sijui Bi. Hollis ataipenda.

Ijumaa, 24 Machi

Mvua ya kwanza. Mji mzima umenukia udongo na chai.

Jumatano, 29 Machi

Mvua. Mvua. Mvua ya mawe saa tisa, kama mtu amemwaga kokoto juu ya bati. Wenye chai wamesimama barazani mwa maduka wakitazama mashamba yao yakichanwa majani. Baadaye jua likatoka na mtu akauliza bei ya sukari, maisha yakaendelea.

Jumatano, 5 Aprili

Siku ndefu. Niiandike yote.

Injinia alinituma kwenye kinu nipime kona zake nne, kwa kuwa mchoro lazima uonyeshe nyumba zote karibu na daraja. Nilienda nikiwa nimejiandaa kwa vita. Janeffer aliniona nimelowa, akaniingiza ndani, akanipa kibuyu cha mursik, maziwa ya kugandishwa, na kigoda karibu na jiko.

"Wewe si wa huku."

"Kendu Bay, mama."

"Huko mnajua maji. Huyu Kimeli wenu ni wa Ndanai, huko hawajui maji." Akacheka, na nikagundua kwamba akicheka anafanana na shangazi yangu.

Nilipokuwa napima mlango niliona mstari umechongwa ukutani kwa patasi, karibu kabisa na linta, boriti ya juu ya mlango, na tarehe: 25-11-61. Nikamuuliza.

"Hapo ndipo maji yalifika," akasema. "Nilikuwa na miaka kumi na mbili. Mimi na dada yangu tulikaa juu ya paa siku mbili na mbuzi. Mbuzi alikula nusu ya paa. Baba aliporudi na kutukuta hai, alichukua patasi kabla hata ya kutusalimu vizuri. Alisema watu watakuja kubisha kwamba hayakufika hapo."

Nilipima. Kutoka kizingitini mpaka kwenye mstari ni mita moja na sentimita sabini na tatu. Nikarudi ofisini, nikauweka mstari huo kwenye mchoro wa mto uliokatwa ubavu, unaoonyesha kimo cha maji na cha daraja, kwa penseli tu. Nikautazama. Nikafuta, nikapiga hesabu upya, nikauweka tena palepale.

Unapita juu ya sakafu ya daraja letu. Juu kwa mita moja na sentimita ishirini. Daraja hili ambalo michoro yake imeshapitishwa, ambalo tenda yake inatangazwa tarehe kumi na tano Mei, lingezama pamoja na lori la chai na dereva wake.

Alhamisi, 6 Aprili

Nimemwonyesha Injinia. Aliinama juu ya mchoro.

"Hesabu za mvua zinaanzia mwaka wa sabini na moja," akasema. "Miaka ishirini na minne. Hesabu ni sawa."

"Sijasema hesabu ni mbaya. Nasema mwaka wa sitini na moja haumo."

"Mstari wa patasi! Mzee ameudhika na mafuriko, amechonga popote mkono ulipofika. Unataka niandikie Nairobi hivyo? Wilkista, kazi yako ni kuchora mistari. Chora iliyopitishwa."

Nilirudi chumbani kwangu. Nilichora kalvati tatu za kupitisha maji chini ya barabara, na zote zimepinda.

Ijumaa, 7 Aprili

Hatuongei. Chai ya Mzee Kipkosgei imekuwa na sukari nyingi, nadhani anajaribu kutupatanisha.

Jumanne, 11 Aprili

Asubuhi sikumkuta Injinia ofisini, wala chombo chake cha kupimia. Alirudi saa tano na Mzee Kipkosgei, wamelowa mpaka magotini. Viatu vyake, jamani! Kama alikuwa anafinyanga vyungu navyo. Akaja moja kwa moja mezani kwangu na kuweka kitabu chake cha vipimo.

"Nimepima mara tatu," akasema. "Mstari uko sawa kabisa na maji yaliyotulia. Kona zote nne za nyumba ziko na doa la tope kwa urefu uleule, ukikwaruza chokaa. Yule mzee hakukisia."

Akavua kiatu kimoja, akamwaga maji.

"Nilikujibu vibaya siku ile. Hesabu ni zangu mwenyewe, ndiyo maana. Mimi ndiye mtu wa kwanza wa huku kupewa mradi na hii kampuni. Nilitaka zikae bila doa."

Mimi pia nilikuwa nimemwandika vibaya humu ndani. Nimeangalia kurasa za nyuma. Sifuti, lakini naandika leo kwamba mtu anayerudi kupima mara tatu jambo linaloweza kumwaibisha si mtu wa viatu tu.

Barua yake kuhusu alama ya kinu imeenda Nairobi leo hii.

Jumapili, 16 Aprili

Pasaka. Kanisani waliimba mpaka bati likajibu. Janeffer aliniita mezani kwake: kimnyet, yaani ugali wa wimbi, mboga, kuku mzima. Alikuwa amemwalika pia Injinia. Walikaa pande mbili za meza wakipitishiana chumvi kama mabalozi.

Alhamisi, 20 Aprili

Jibu la Nairobi. Masimulizi ya wenyeji si takwimu. Michoro imepitishwa na mteja. Tenda ni tarehe kumi na tano Mei kama ilivyopangwa. Mistari minne tu, na mmoja ni salamu.

Injinia ameisoma akaikunja mara nyingi, mpaka ikawa ndogo kama stempu. Kitu kinachouzwa na kampuni hii ni neno lake tu, akaniambia. Hatuna mitambo ya kurudi kuuza mambo yakiharibika. Daraja moja likizama, nani atanunua tena fikira zetu?

"Basi tuwape takwimu," nikasema.

"Utazitoa wapi? Kituo cha mvua hakikuwepo."

Jumatatu, 24 Aprili

Nilikuwa naandika kurasa zangu mbili za kitabu cha miaka hamsini. Nimeandika jinsi Ardley na Voss walivyoanza mwaka wa arobaini na tano wakiwa na chumba kimoja juu ya duka la mikate, wakisanifu upya madaraja yaliyovunjwa na vita. Walikuwa na meza moja, basi wakachora kwa zamu. Nairobi walifika hamsini na nane. Halafu nikafika kwenye kisa cha Mzee Kipkosgei na kuanguka mtoni, na kalamu ikasimama yenyewe.

Kile kitabu kilichoinuliwa juu ya maji. Kilikwenda wapi?

Nikakimbia mpaka kiwandani, nikatuma faksi kwa Bi. Hollis. Sikumwandikia kuhusu takwimu wala tenda. Nilimwuliza tu kama kumbukumbu zina daftari la Bwana Voss la mwaka wa sitini na tatu, alipolala siku sita kwenye kinu, na nikamweleza habari ya kofia.

Ijumaa, 28 Aprili

Hakuna faksi. Mvua.

Jumanne, 2 Mei

Hakuna faksi. Karani wa kiwanda sasa akiniona anatikisa kichwa nikiwa bado mbali, kunipunguzia safari.

Jumatano, 3 Mei

IMEFIKA!

Karani mwenyewe alikuja mbio na mwavuli uliopinduka. Kurasa tatu. Ya kwanza barua ya Bi. Hollis: amecheka mpaka mwenzake akaja kuuliza kuna nini, alikuwa hajui kwa nini daftari namba tisa linasema "nimepoteza kofia, nimepata rafiki". Mzee Kipkosgei niliposoma hapo alivua kofia yake ya sufu, akaishika mikononi.

Ukurasa wa pili ni mchoro wa mto kwa mkono wa Bwana Voss. Wa tatu ni mchoro wa kinu, mlango wake, na kando ya mlango maandishi madogo yaliyonyooka: alama ya msaga unga, mafuriko ya Novemba 1961, futi tano na inchi nane juu ya kizingiti. Nimeikagua mwenyewe. Daraja lolote hapa lipite juu ya alama hii.

Injinia akachukua karatasi akapiga hesabu. Futi tano na inchi nane. Mita moja na sentimita sabini na tatu.

Kampuni ilikuwa na jibu kwenye kabati lake lenyewe kwa miaka thelathini na miwili. Injinia alicheka mpaka akakaa chini. Kesho anakwenda Nairobi, na hiyo karatasi ameiweka ndani ya Biblia isikunjike.

Jumanne, 9 Mei

Amerudi. Tenda imesogezwa mpaka mwisho wa Juni, na daraja litainuliwa. Mkubwa wa Nairobi alibisha dakika kumi, mpaka alipoona mwandiko wa Voss. Kumbe anao ukutani mwake, kwenye fremu. Akaagiza chai.

Mzee Kipkosgei alicheza hatua mbili. Tulidhani tumemaliza.

Halafu nikaiinua barabara kwenye mchoro. Daraja likipanda, tuta la udongo la kufikia daraja linapanda pia, na likipanda linatanuka. Nilichora ukingo wake wa chini. Ukapita katikati ya kinu cha Janeffer.

Ijumaa, 12 Mei

Tumeenda kumwambia, Injinia na mimi. Hatukutaka asikie kwa chifu.

Alisikiliza huku akichekecha unga. Hakusimamisha chekeche.

"Kwa hivyo kama ningenyamaza, kinu kingebaki."

"Ndiyo, mama," Injinia akasema.

"Na lori lingeenda na maji."

"Siku moja, ndiyo."

Akachekecha tena. "Nina mtoto anaendesha lori la chai huko Sosiot. Wa mwingine ataendesha hapa." Akaweka chekeche chini. "Lakini nyinyi si ndio mnauza fikira? Sijaona zikiisha. Endeni mfikirie tena, mimi nitasaga."

Nimechora njia nne tangu tulipotoka pale. Ukisogea chini, mto ni mpana mno. Ukisogea juu kuna kona yenye mwamba, na Injinia anaogopa maji yatagonga kona hiyo na kula ukingo.

Alhamisi, 18 Mei

Mvua imenyesha siku tatu bila kupumua. Saa sita mchana mtoto wa shule alikuja kusema mto umebadilisha sauti. Tulishuka wote.

Sijaona maji ya rangi ile tangu nizaliwe. Kivuko cha mawe hakikuwepo tena. Palikuwa na mgongo wa maji ya rangi ya chai ya maziwa unaokwenda kwa kasi, na migomba mizima juu yake imesimama kama abiria. Tulipanga mstari kutoka kinuni mpaka juu ya shamba: Janeffer, jirani zake, Injinia bila koti, mimi, watu wa kiwanda. Magunia ya mahindi yakapita mkono kwa mkono. Thelathini na nane. Maji yaliingia mlangoni tulipotoa la mwisho, yakapanda mpaka gotini, yakatulia.

Janeffer alikaa juu ya magunia yake akisonya. "Hii si kitu," akawaambia majirani. "Sitini na moja ingekuwa imeshawafika shingo, na mbuzi angekuwa anawakalia kichwani."

Watu walicheka, nami pia, halafu nikageuka kutazama juu, kwenye kona ya mwamba. Nikaacha kucheka. Huku chini mto ulikuwa umemwagika kwenye mashamba pande zote mbili. Pale juu haukumwagika. Ulikuwa umebanwa kati ya miamba miwili, mrefu na mwembamba, na ukingo haukuliwa hata kidogo. Nyasi zilikuwa zimesimama!

Nilimvuta Injinia kwa mkono wa shati. "Tazama nyasi."

Akatazama. "Mzee!" akaita. "Leta mti wa kupimia! Upesi, kabla hayajashuka!"

Tulipima mpaka jioni, mvua ikitumwagikia, Mzee Kipkosgei akishikilia mti wa kupimia na mimi nikiushikilia mkanda wake asije akarudia ya mwaka wa sitini na tatu.

Ijumaa, 19 Mei

Mafua. Wote watatu. Ofisi inanuka Vicks.

Jumatatu, 22 Mei

Njia ya tano. Inasogea mita sabini kuelekea mto unakotoka, inavuka kwenye mwamba, inakaa juu ya alama ya Voss kwa urefu wa mtu. Daraja ni fupi kuliko la kwanza kwa mita sita. Kinu hakiguswi. Injinia ametafuta kosa kwa saa nne, kisha akalaza kichwa mezani akasema, "Andika jina lako pale kwenye msanifu, si kwenye mchoraji tu."

"Inaruhusiwa?"

"Mimi ndiye nasaini."

Nimeandika. Jina lote, si W. tu.

Ijumaa, 9 Juni

Michoro kumi na minne imeondoka kwenda Nairobi. Kurasa mbili za historia zimeondoka pia kwa Bi. Hollis. Zimekuwa tano.

Ijumaa, 23 Juni

Nairobi wamekubali, na mvua imekwisha. Leo chifu aliita baraza mtoni kuwaonyesha watu daraja lao. Walikuja kama mia mbili, wengine na vikapu vya chai mgongoni kwa sababu ni siku ya kuchuma na kituo cha kununulia chai hakingoji mtu. Nilidhani Injinia ataongea. Akasema maneno matatu ya salamu, akanielekezea mkono. "Muulizeni mwenyewe. Ndiye aliliona kwanza."

Yaye! Sikuwa nimeandaa neno hata moja. Lakini Janeffer alishika mchoro upande mmoja na Mzee Kipkosgei upande mwingine, wakaunyoosha kama wanaanika shuka, nikaanza. Hapa ndipo barabara inapita. Hapa ndipo mwamba. Maji ya sitini na moja yatapita chini, hivi. Wazee waliokuwa watu wazima wakati ule wakatikisa vichwa, wakaanza kuhadithiana wenyewe kwa wenyewe, na nikapata nafasi ya kupumua.

Nilipomaliza, dada mmoja mwenye mtoto mgongoni akainua mkono. Anaitwa Chepkemoi, boma lake liko upande wa juu.

"Hilo tuta lako la udongo," akasema. "Ni refu?"

"Ni refu, dada. Mita nne."

"Na ng'ombe watapita wapi wakienda kunywa maji?"

Nikaangalia mchoro. Michoro kumi na minne, mistari elfu ngapi sijui, imepitishwa Nairobi, na ng'ombe hawakuwemo hata mmoja.

"Sikuwachora," nikasema.

Walicheka mpaka chifu akashindwa kuwanyamazisha. Lakini kicheko hakikuwa kibaya, na kilipopungua kila mtu alikuwa na ushauri. Tutoboe tuta. Tuweke kalvati kubwa, ng'ombe apite ndani. Kubwa kiasi gani? Ng'ombe ana urefu gani? Hapo mabishano yakaanza kwelikweli, maana kila mwanamume alikuwa anamsifia ng'ombe wake, mpaka Chepkemoi mwenyewe akapanda nyumbani akarudi anamvuta ng'ombe mweusi mwenye pembe. Mzee Kipkosgei akasimamisha mti wa kupimia kando yake. Ng'ombe akaulamba. Injinia akachuchumaa kwenye tope, akasoma namba, akaziita kwa sauti, nami nikaziandika pembeni mwa mchoro mbele ya watu mia mbili. Mita moja na sentimita sitini, na pembe.

"Wacha nafasi," Chepkemoi akasema. "Ana mimba."

Tumerudi ofisini saa kumi na moja. Injinia amepika chai mwenyewe, mbaya sana, tukainywa. Kisha akafungua droo yake akatoa wembe mpya, ule wa kukwaruzia wino kwenye michoro, akauweka mezani kwangu akisema tusiwaambie Nairobi mpaka Jumatatu.

Mchoro namba saba. Nimekwaruza tuta na kulifungua. Nimechora kalvati ya ng'ombe, mita mbili na nusu kwenda juu, na upana nimeongeza sentimita arobaini kwa ajili ya ndama.